Asiyekuwepo na Lake Halipo: Juu ya Kubadilishana Wachezaji wa Besiboli

Kila mwaka, fainali za besiboli za Marekani zikishamalizika, viwanja hufungwa na nyasi huachwa zipigwe na baridi hadi Februari, wachezaji wanapokusanyika tena kwa mazoezi. Miezi hiyo haina mchezo, lakini maneno yake ni mengi kuliko ya msimu wenyewe. Ndiyo miezi ambayo mpenzi wa timu huwa kocha, mhasibu na kadhi kwa wakati mmoja. Atolewe nani, aletwe nani? Yafaa mrushaji kijana kupelekwa mji mwingine ili apatikane mpigaji aliyekwisha komaa? Na huyo akija, apangwe wa ngapi katika kupiga?

Maswali haya si ya kipuuzi kwa wanaoyauliza. Katika besiboli wachezaji tisa hupiga kwa zamu, na zamu hiyo hutangazwa kabla mpira wa kwanza kurushwa. Aliyeandikwa wa nne atabaki wa nne, na akitolewa, atakayeingia hurithi nafasi ile ile. Mpangilio huo ni kama vina vya shairi: ukishakubali wa ubeti wa kwanza, umejifunga nao mpaka mwisho. Ndiyo maana watu wazima hukesha wakijadiliana jina moja lisogezwe juu au chini.

Mimi sina ugomvi na mjadala huo, kwani ni baraza kama mabaraza mengine, na baraza lina adabu na raha yake. Ninachotaka kukiuliza kiko chini ya maneno. Wapenzi hao husema, "Tumtoe fulani, tuchukue wawili." Anayesema "tumtoe" hana hisa katika timu, wala hamjui huyo fulani. Na fulani hayupo barazani. Wahenga wetu walilisema hili kwa ufupi: asiyekuwepo na lake halipo. Je, ni halali kujadili maisha ya mtu kwa namna hii? Na ikiwa ni halali, mpaka wake uko wapi?

Hapa yapasa kwanza kueleza jambo ambalo msomaji aliyezoea kandanda anaweza kulikosea. Katika kandanda nasi husema mchezaji "ameuzwa", lakini klabu mbili zikishapatana bei, bado mchezaji mwenyewe lazima akubaliane na klabu mpya. Akikataa, safari hakuna. Katika besiboli ya Marekani mambo ni mengine. Timu mbili zikikubaliana, mkataba wa mchezaji huhama pamoja naye kama hati ya shamba, wala haihitajiki saini yake. Alilala akiwa mtu wa mji huu, na ameamka akiwa mtu wa mji ule.

Hivyo ndivyo ilivyomfika Curt Flood mnamo Oktoba 1969. Flood alikuwa mlinzi wa katikati ya uwanja wa timu ya St. Louis Cardinals. Aliichezea miaka 12, akashinda nayo ubingwa wa mwaka 1964 na wa 1967, na kwa miaka 7 mfululizo akapewa tuzo ya ulinzi bora katika nafasi yake. Alikuwa na umri wa miaka 31, ana nyumba na shughuli zake St. Louis. Siku moja akapata habari kwamba yeye na wenzake kadhaa wamepelekwa Philadelphia, na kwamba watu wa Philadelphia watakuja kushika nafasi zao. Katika mikataba ya zama hizo mlikuwa na kifungu kilichomfunga mchezaji kwa timu yake mwaka baada ya mwaka, hata muda wa mkataba ukimalizika. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili tu: aende Philadelphia au aache kazi aliyoijua tangu ujana.

Flood akachagua njia ya tatu. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia barua Bowie Kuhn, kamishna wa ligi, akimweleza kwamba baada ya miaka 12 ya kazi hajioni kuwa ni mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuangaliwa matakwa yake. Aliomba jambo dogo, nalo ni kwamba timu nyingine zijulishwe kuwa yuko tayari kusikiliza wito wao. Kamishna alikataa, na Flood akaenda mahakamani.

Wengi walimcheka. Mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa Marekani hakuziota. Vipi mtu kama huyo ajiite mali ya kuuzwa? Alipoulizwa swali hilo katika televisheni mnamo Januari 1970, alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa.

Sisi watu wa visiwani hatuwezi kulipita neno hilo kwa haraka. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na kumbukumbu yake bado ingali hai majumbani mwetu. Waliosimamishwa pale hawakuwa na mshahara, wala mahakama ya kukimbilia, wala ruhusa ya kuacha kazi wakarudi makwao. Flood alikuwa na vyote hivyo. Kwa mizani ya haki, neno lake lilizidi uzito wa jambo alilolisema, na si adabu kulitumia kila mtu mwenye mshahara anapoudhika.

Lakini tusipime neno tukasahau dai. Jeraha lisilofikia kifo lingali jeraha. Mshahara ni malipo ya kazi, na aliyelipwa kazi yake hajalipwa radhi yake. Ukimlipa fundi mara mbili ya ujira wake, umepata haki ya mlango mzuri, lakini hujapata haki ya kumpa jirani yako fundi huyo. Philadelphia ilikuwa tayari kumlipa zaidi ya St. Louis, naye alilijua hilo, na bado alikataa. Aliyekataa nyongeza hawezi kuambiwa kwamba ugomvi wake ulikuwa juu ya fedha.

Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilimhukumu Flood kwa sauti 5 dhidi ya 3. Hukumu hiyo ina ajabu moja ambayo wapenzi wa ushairi hawana budi kuijua. Jaji Harry Blackmun, aliyeiandika, alianza kwa kuusifu mchezo wenyewe. Alisimulia historia yake, akayataja kwa fahari makumi ya majina ya wachezaji wa zamani, hata akazikumbuka tungo zilizotungwa juu yake. Majaji wawili miongoni mwa waliokubaliana naye walikataa kuitia mkono sehemu hiyo ya sifa. Baada ya sifa ikaja sheria: besiboli imeachwa nje ya sheria ya ushindani wa biashara tangu uamuzi wa mwaka 1922, na anayetaka hilo libadilike aende bungeni. Kwa hiyo mchezo ulipata utenzi wake, na mchezaji akarudi mikono mitupu. Sisi tunaopenda tungo tujihadhari hapo. Sifa ikiwa nzuri mno, humfanya msifiwa aonekane hana haja ya haki.

Miongoni mwa majaji watatu waliopinga alikuwa Thurgood Marshall, jina lisilokuwa geni Afrika Mashariki, kwani mwaka 1960 alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya katiba yao. Marshall hakusema kwamba Flood alikuwa mtumwa. Alisema kwamba asiyekuwa mwanamichezo angeweza kudhani hivyo, lakini kilichomfunga kilikuwa ni mfumo ule wa mikataba. Hapo neno limerudishwa kwenye kiasi chake, na dai likabaki na nguvu yake yote.

Flood alishindwa, na kazi yake ikaisha. Mwaka 1971 alirejea kucheza Washington, akacheza michezo 13 tu na kuondoka. Lakini mwaka 1973 wachezaji na wenye timu walikubaliana kwamba aliyecheza ligi kuu miaka 10, na mitano ya mwisho akiwa na timu moja, ana haki ya kukataa kupelekwa kwingine. Flood angekuwa na haki hiyo na kuzidi. Mwishoni mwa mwaka 1975 uamuzi wa msuluhishi ulikivunja kile kifungu cha kumfunga mtu mwaka baada ya mwaka. Flood alifariki dunia mwezi Januari 1997. Wasiofikisha miaka hiyo kumi, na wasiokuwa na sharti maalumu katika mikataba yao, bado huhamishwa bila kuulizwa.

Wapo watakaosema: "Mwisho wa yote timu ipo ili ishinde. Hukumu ya mabadilishano ni matokeo." Hoja hii ina nguvu, na mfano wake mkubwa ni Boston. Timu hiyo ilimuuza Babe Ruth kwa New York mwishoni mwa mwaka 1919, ikakaa bila ubingwa tangu 1918 hadi 2004, na watu wake wakafundishana kizazi baada ya kizazi kwamba mtu hawachi mbachao kwa msala upitao. Katika baridi ya mwaka 2003, Boston ilikaribia kumchukua Alex Rodriguez wa Texas. Katika mipango hiyo Nomar Garciaparra, mpenzi wa mji mzima, alikuwa miongoni mwa wa kutolewa. Mipango ikavunjika. Garciaparra akarudi kuichezea timu iliyokwisha kumpima bei, na tarehe 31 Julai 2004 akapelekwa Chicago. Miezi mitatu baadaye Boston ilikuwa bingwa, baada ya miaka 86.

Je, ubingwa huo umethibitisha kwamba Garciaparra alitendewa vyema? Umethibitisha kwamba hesabu ilikuwa nzuri. Lakini hesabu nzuri na tendo jema ni ndugu wa mbali. Lau mpira mmoja ungedundia upande mwingine Oktoba ile, hesabu ingegeuka, ilhali namna alivyotendewa Garciaparra isingebadilika hata chembe. Jambo ambalo uzuri wake unangoja mpira udunde wapi haliwezi kuwa ndio kipimo cha wema.

Kupanga wachezaji ni suala jingine, na ni vyema tusiyachanganye. Rodriguez alikwenda New York Februari 2004, akaacha nafasi yake ya kati ya kituo cha pili na cha tatu kwa sababu nafasi hiyo ilikuwa ya nahodha, Derek Jeter. Mwenyewe aliridhia. Mnamo Oktoba 2006, katika mchezo wa mtoano na Detroit, kocha Joe Torre alimwandika apige wa nane, yeye aliyetajwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka mmoja kabla. New York ikafungwa na kutolewa, na watu wamelijadili jambo hilo miaka na miaka. Ilikuwa fedheha? Yamkini ilikuwa. Ilikuwa dhuluma? Hapana. Aliyekubali kuingia katika safu amekubali kupangwa, kama mwimba kwaya anavyokubali kuambiwa asimame wapi. Kocha anamhukumu juu ya kazi ya siku ile, na kesho hukumu inaweza kubadilika. Kumhamisha mtu ni kugusa mlango wake, skuli ya wanawe na majirani zake. Mamlaka ya kupanga kazi hayazai mamlaka ya kupanga maisha.

Tarehe 29 Julai 2015, Wilmer Flores wa New York Mets, kijana wa Kivenezuela aliyesajiliwa na timu hiyo akiwa na miaka 16, alikuwa uwanjani akicheza wakati habari ilipoenea kwamba amebadilishwa. Watazamaji waliisoma katika simu zao, wakamshangilia kwa kumuaga, naye mwenyewe alikuwa hajaambiwa na timu yake. Akarudi kwenye nafasi yake ya ulinzi akifuta machozi mbele ya maelfu. Baadaye usiku ule mapatano yakavunjika, akabaki. Siku mbili baadaye, katika awamu ya 12, aliupiga mpira ukavuka ukuta na kuipa timu yake ushindi. Watu hupenda kukisimulia kisa hicho kwa ajili ya mpira ule. Mimi naona uzito wake uko katika machozi yale. Hata kama asingeupiga tena mpira wowote, alistahili kuambiwa kabla ya maelfu. Hakuwa ametaka kukataa, wala bei, ila kujua tu. Methali yetu humzungumzia asiyekuwepo, na Flores alikuwepo pale pale, lakini lake halikuwepo.

Basi mjadala wa miezi ya baridi na uendelee, maana hakuna aliyedhulumiwa kwa watu kubishana nani apige wa tatu. Lakini yeyote asemaye "tumtoe" amejipa mamlaka kwa ulimi, na mamlaka yana wajibu. Yapo maswali mawili ambayo kila baraza huyauliza: tutapata nini, na tutapoteza nini? Liongezwe la tatu: naye mwenyewe kaulizwa, au walau kaambiwa? Mwenye timu anayeanza kuliuliza huenda akakosa mabadilishano machache yenye faida, na wapenzi wake huenda wakamlaumu. Lawama hiyo ni bora aibebe, kwani Flood alibeba nzito kuliko hiyo kwa kuliuliza peke yake.