Timu Inayojijenga na Bei ya Nyota

Je, timu ya mpira wa kikapu iliyovunjika na kuanza kujijenga upya yafaa itoe akiba yake ili impate mchezaji mmoja mashuhuri? Katika Marekani swali hili huzuka kila mwaka, na wanaolijibu kwa hesabu peke yake huliacha nusu. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali haziwezi kuamua shauri hili.

Kwanza ijulikane akiba yenyewe ni nini. Katika ligi kuu ya huko, NBA, timu huchagua vijana wapya kwa zamu kila mwaka, na zile zilizoshindwa zaidi hupewa, kwa bahati nasibu, tumaini kubwa zaidi la kutangulia. Zamu hizo ni rehema iliyowekwa na sheria ili mnyonge asidumu katika unyonge. Lakini sheria hiyo hiyo huruhusu zamu za miaka ijayo kuuzwa. Basi auzaye zamu huuza rehema kabla hajajua kama ataihitaji.

Mwaka 2013 Brooklyn Nets iliwachukua kutoka Boston Celtics wachezaji mashuhuri Kevin Garnett, mwenye umri wa miaka 37, na Paul Pierce, mwenye miaka 35. Pamoja na mambo mengine ilitoa zamu zake za kwanza za 2014, 2016 na 2018, na ruhusa ya kubadilishana zamu ya 2017. Ilichovuna ni ushindi wa duru moja ya mtoano mwaka 2014. Pierce aliondoka mwaka huo, Garnett mwaka uliofuata. Katika msimu wa 2016–17 Nets ilishinda michezo 20 tu kati ya 82, ikawa ya mwisho katika ligi nzima. Na zamu ya kwanza kabisa ilipoiangukia, Boston ikaichukua. Kwa njia ya zamu hizo Boston, ambayo ndiyo iliyokuwa ikijijenga, iliwapata Jaylen Brown na Jayson Tatum, na mwaka 2024 ikatwaa ubingwa.

Hapa pana jambo zito kuliko hesabu. Aliyeamua siye aliyelipa. Meneja aliyefanya mapatano aliondolewa katika cheo chake Januari 2016. Deni likawaangukia wachezaji ambao hawakuwapo na watazamaji ambao hawakuulizwa. Mtu akichinja ng'ombe wake kwa karamu, hasara ni yake. Akichinja ng'ombe wa yatima aliyewekewa amana, hata karamu ikifana namna gani, ana swali la kujibu.

Watetezi wa nyota husema kwamba hata yatima hula leo. Neno hilo ni la kweli. Kijana aliyechaguliwa aweza asiwe kitu, na wapenzi wa timu nao huzeeka. Philadelphia 76ers, kwa jina la subira, ilishinda michezo 10 tu msimu wa 2015–16, na subira ile haikuileta kwenye ubingwa. Toronto Raptors, chini ya Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, ilimtoa DeMar DeRozan mwaka 2018 ili impate Kawhi Leonard, ikatwaa kombe mwaka 2019. Lakini Toronto ilikuwa imeshinda michezo 59 msimu uliotangulia: nyumba ilikuwa na kuta, ilikosa paa. Timu inayojijenga ina msingi tu, pengine haina hata huo. Paa likinunuliwa, litaezekwa juu ya nini? Na lisipooza, fedha ya kuta itatoka wapi?

Hata Toronto ilikuwa na mlipaji wake. Katika lugha ya biashara hiyo wachezaji na zamu huitwa kwa neno moja, mali. DeRozan alikuwa ameitumikia timu ile misimu tisa na kutaka kubaki. Akapelekwa San Antonio. Leonard alikaa msimu mmoja, akahamia Los Angeles. Wenyeji wa Toronto walishangilia kwa haki siku ya kombe, na aliyewatumikia muda mrefu hakuwamo uwanjani.