Reli ya Kindu na Kazi Iliyoachwa

Katika taaluma ya usimamizi wa miradi, mawanda ni jumla ya kazi ambazo wahusika wamekubaliana kuzifanya, pamoja na zile walizokubaliana kuziacha, na ni sehemu hii ya pili ambayo aghalabu huandikwa kwa haraka au haiandikwi kabisa. Kindu, makao makuu ya Jimbo la Maniema nchini Kongo, ni mji ambao sehemu kubwa ya umuhimu wake ilitokana na kazi iliyoachwa.

Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 kwa makubaliano kati ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji na tajiri Édouard Empain, ilikusudia kuunganisha Mto Kongo na maziwa makuu, likiwemo Ziwa Albert, ambalo reli yake ingelazimika kupasua msitu kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Njia hiyo iliwekwa kando, likachukua nafasi yake wazo la kiasi zaidi: treni ipite pale tu ambapo maporomoko yanazuia meli, na kwingineko mto wenyewe uwe njia. Hivyo reli ya kilomita 125 ilifika Ponthierville, sasa Ubundu, mwaka 1906; kutoka hapo meli ilipanda Lualaba, yaani sehemu ya juu ya Mto Kongo, hadi Kindu, na kutoka Kindu reli nyingine ya kilomita 355 ilifika Kongolo kufikia mwanzo wa mwaka 1911. Ziwa Tanganyika lilifikiwa mwaka 1915.

Kupunguza mawanda mapema, kabla fedha hazijazama, ni uamuzi wa busara, na kwa hesabu za kampuni hauna lawama. Hata hivyo kazi inayofutwa katika hati haifutiki duniani, kwani shehena iliyotoka Kisangani kwenda Kongolo ilipaswa kushushwa na kupakiwa upya Ubundu, kisha tena Kindu, na gharama ya kila badiliko hilo ilihamia kwenye mabega ya wachukuzi na kwenye siku za wafanyabiashara.

Kuacha kazi kwa namna hiyo kulijirudia mwaka 1955, pale upana wa njia, yaani nafasi kati ya pau mbili za reli, ulipobadilishwa upande wa kusini, kuanzia Kindu, kutoka mita 1 hadi mita 1.067 ili mtandao huo uungane na reli za Katanga. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu kilibaki na mita 1, kwa hiyo kichwa cha treni cha Kindu hakiwezi kukopeshwa huko hata kikivushwa kwa mto.

Anayesimamia leo ujenzi wa kisima au zahanati Maniema hukabiliwa zaidi na kishawishi cha upande wa pili, yaani utanuzi wa kimyakimya, ambapo mfadhili huomba ukuta, chifu huomba choo, na kila ombi huonekana dogo likiwa peke yake. Dawa inayofundishwa ni kuandika kwenye fomu kila ombi pamoja na gharama yake na muda wake kabla ya kulikubali au kulikataa. Safu ya tatu, inayomtaja mtu atakayeibeba kazi iliyokataliwa, ni nadra kuonekana katika fomu hizo, ingawa mchukuzi wa bandari ya Kindu angeweza kuijaza bila kuulizwa mara mbili.