Mawe ya Kando ya Bwawa



Walimu wengi huipita upesi sura ya 21 ya Kitabu cha Kutoka, wakidhani kwamba sheria za ng'ombe na mashimo zilikuwa za Waisraeli tu. Nami nalipita vivyo hivyo. Katika aya ya 33 na ya 34 twafundishwa kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa mwenziwe akatumbukia humo, mwenye shimo hana budi kulipa. Torati haimwulizi kama alikusudia ubaya.

Huku kwetu Mwandoya, katika Wilaya ya Meatu, kiangazi ni kirefu, na shimo lenye maji si jambo dogo. Tangu miaka ya 1940 malambo mengi yamechimbwa Usukumani kwa ajili ya mifugo, na kila mnyama ajua kufuata harufu ya maji. Hayo naliyajua, maana nimechunga tangu utoto. Hata hivyo nilichimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba, hatua 20 kwa 10, kina cha kufika kifuani, nikatia sato.

Tena nikatamani mawe makubwa. Nchi ya Wasukuma ina majabali mengi, nayo yafaa bwawani: samaki hupata kivuli wakati wa jua kali, na kimbilio wajapo mdiria na korongo. Nikayakokota kwa ng'ombe wa kulimia na mnyororo, nikayaweka juu ya udongo mgumu kabla ya maji kuingia, yasije yakazama wala kupinduka. Nusu ya sakafu nikaiacha tupu, maana sato dume huchimba kiota chake katika udongo laini, na wavu haupiti penye mawe. Jiwe moja nililishindilia ndani ya ukuta wa udongo. Hilo lilikuwa kosa. Maji hutafuta njia ubavuni mwa jiwe, nao ukuta ukavuja, nikalitoa. Taabu hiyo yote niliipata kwa ajili ya samaki. Kwa ajili ya jirani sikuweka hata jiwe moja.

Usiku mmoja wa kiangazi ndama wa mama mjane, jirani yetu, akatumbukia. Kingo zilikuwa wima, tena zenye utelezi. Asubuhi tulimkuta amekufa. Mama yule akasema, “Baba Mchungaji, ni amri ya Mungu, tutafanyaje?” Nami, naandika haya kwa aibu, nikamwitikia, “Ndiyo, mama, ni amri ya Mungu.” Jioni mke wangu akaniuliza neno moja tu: “Je, angalikuwa mtoto wake?”

Ndugu zangu, ni rahisi kumtwika Mungu gharama ya uzembe wetu, hasa mbele ya wajane, maana wao hawadai.

Nikampelekea mtamba. Akakataa mara mbili, akisema haifai kumtoza mchungaji. Nikamsomea aya zile mbili. Akanyamaza kitambo, kisha akashika kamba akaenda zake na ng'ombe wake.

Ndipo tukaanza mawe ya nje. Twayapanga nyuma ya ukingo, si juu yake, uzito usije ukaubomoa. Yafika kiunoni, yamekaribiana hata ndama hapenyi. Nafasi kati yake twaziba kwa mawe madogo, kwa sababu kenge hupenda kujificha humo, naye hula samaki. Jabali lililotushinda vijana waliliwashia moto wa kuni siku nzima, wakalimwagia maji baridi, likapasuka. Upande mmoja tumelaza ukingo na kutandika mawe bapa kama ngazi, mtoto au mbuzi akitumbukia apate pa kukanyaga.

Limesalia pengo moja, upande wa mashariki, panapoelekea zizi la mama yule. Jiwe lake limelala karibu na kanisa, ambapo ng'ombe walichoka. Tumelizuia pengo kwa miiba mpaka Jumatatu.