Moshi Mzuri kwa Nani?

Je, ni haki kuuita mzuri moshi unaoumiza watu? Swali hili ninalo tangu nianze shahada ya uzamili, kwa sababu picha ninazozisoma ni za viwanda: mabomba ya moshi, matanuri, mabehewa ya makaa, anga lenye rangi ya kutu. Zinapendeza, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Anayefurahia picha ya simba halaumiwi, ingawa simba hula watu. Lakini simba hana mwenye hisa. Kiwanda kina mwenyewe, na kina watu wanaoingia asubuhi na kutoka jioni, kama wametoka.

Chukua kiwanda kimoja, kile cha magari ya Ford cha River Rouge, karibu na Detroit, Marekani. Mwaka 1930 Charles Sheeler alikichora na kuiita picha yake American Landscape. Kuna maghala ya saruji, reli, mfereji uliotulia kama kioo, na bomba refu likitoa moshi kwa adabu. Mtu yumo mmoja tu, mdogo kiasi kwamba usipoambiwa humwoni. Miaka miwili baadaye Diego Rivera, Mmeksiko, alianza kukichora kiwanda hichohicho kwenye kuta za jumba la sanaa la Detroit, paneli 27, akazimaliza 1933. Kwake watu wamejaa: wanavuta, wanasukuma, wanajipinda pamoja na mashine mpaka hujui mkono unaishia wapi na chuma kinaanzia wapi.

Nilipokuja likizo nyumbani Mwese nilimwonyesha babu picha hizi kwenye simu. Huku kwetu hakuna kiwanda. Ni nyanda za juu, baridi, mahindi na maharage, na upande wa magharibi milima inashuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Lakini babu alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye mgodi wa risasi wa Mpanda, ule uliosababisha reli ijengwe kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940. (Risasi ya madini, si ya bunduki, ingawa Kiswahili hakijaona haja ya kuzitenganisha.) Aliitazama ya Sheeler kwa muda mrefu, kisha akauliza:

"Hii ni Jumapili?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Moshi unatoka na watu hawapo. Mjukuu wangu, tanuri haijiwashi."

Wanaomtetea Sheeler husema ukimya ule ndiyo lawama yenyewe, kwamba alituonyesha dunia ambayo mashine imemfuta mtu. Huenda. Ila mwaka 1927 alikuwa amelipwa kukipiga picha kiwanda hichohicho kwa kamera kwa ajili ya matangazo ya Ford, na sioni kwamba jicho lake lilibadilika sana aliposhika brashi.

Basi nilitaka kumpa Rivera ushindi. Ningesema picha adilifu ni ile yenye watu, nikafunga daftari. Lakini tarehe 7 Machi 1932, wiki chache kabla Rivera hajafika Detroit, watu waliokosa kazi waliandamana kwenda River Rouge. Polisi na walinzi wa Ford wakawafyatulia risasi. Wanne walikufa siku hiyo. Katika paneli zote 27 hawamo. Aliyegharamia kazi ile alikuwa Edsel Ford, mwana wa Henry. Unaweza kujaza ukuta mzima watu na bado ukawaacha nje waliotakiwa kuwamo.

Ng'ambo ya ziwa letu, mbali kusini, kuna Lubumbashi. Union Minière ilianza kuyeyusha shaba pale mwaka 1911, na bomba la tanuri pamoja na mlima wa mavi ya shaba (ndivyo mafundi wanavyoyaita, msinicheke) vikawa alama ya mji. Katika miaka ya 1970 mjini humo walikuwapo wachoraji waliowachorea watu wa kawaida, juu ya magunia ya unga, kwa bei ambayo mwenye mshahara mdogo aliweza kuitoa. Picha hizo zilitundikwa sebuleni. Na kwa Kiswahili chao cha Katanga, walichokitafuta katika picha kilikuwa ukumbusho. Swali halikuwa inapendeza kiasi gani. Lilikuwa inakukumbusha nini.

Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alichora historia yote ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, nyingi zikachukuliwa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Humo kuna Desemba 1941: wafanyakazi wa Union Minière wamegoma, wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wanawapiga risasi. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Alichora kile ambacho mji ulikuwa bado unakisimulia.

Ningeweza kuishia hapo na kumvika taji, lakini wachoraji haohao wa Lubumbashi walilichora pia bomba likifuka moshi, tena kwa fahari, na wateja wakalinunua. Hawakuwa wajinga. Moshi ule waliuvuta wao. Lakini moshi ukitoka kuna mshahara, kuna ada ya shule, kuna unga. Tanuri ilipozimika katika miaka ya 1990 anga likawa safi, na sijui nani angethubutu kwenda kuwapongeza watu kwa hewa nzuri.

Ndiyo maana siwezi tena kusema kuona uzuri pale ni usaliti. Aliyelipa kwa mapafu yake ana haki ya kuupenda moshi wake. Mimi ninayeutazama kwenye simu, sijakohoa hata mara moja, nina deni kwanza: niulize waliokufa wako wapi, ndipo nisifie rangi ya anga. Na nani analipia picha, na anauziwa nani, si maswali ya pembeni. Edward Saidi Tingatinga alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla hajaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Kinachouzwa mpaka leo kwa jina lake ni chui na twiga. Mgeni hakupanda ndege kuja kununua mkonge. Kazi za Tshibumba nazo ziko Amsterdam, katika makumbusho, neno ambalo kwa Kiswahili ni ndugu wa ukumbusho, ila sina hakika yanamkumbusha nani.

Picha ya Lubumbashi babu hakuiuliza kuhusu Jumapili. "Huyu anapajua," alisema. Kisha bila kuombwa akaanza kunipa rangi za Mpanda: vumbi la kijivu lenye kung'aa, lililokaa kwenye nyusi hata baada ya kuoga. Nikamuuliza kama palikuwa pazuri.

"Siku ya mshahara, ndiyo."

Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunihesabia kwa vidole watu wa zamu yake.