Ihefu: Nani Aliulizwa?



Kuna neno moja ambalo halikosekani katika ripoti za miradi ya hifadhi kutoka nyumbani, nalo ni ushirikishwaji. Wananchi walishirikishwa. Jamii ilishirikishwa. Sisi tuliosomea uhandisi, na ambao hapa Maskati tunaendelea kusoma ripoti za namna hiyo kwa mazoea tu, kila tukiliona neno hilo tunauliza: walishirikishwa kabla ya uamuzi au baada yake? Watu wengi huona hilo kuwa jambo la utaratibu. Sisi tunaona ni jambo la haki, na tungependa kulieleza kwa mfano wa mahali pamoja.

Kwa wale ambao hawajafika huko, Ihefu ni kinamasi kikubwa mashariki mwa tambarare ya Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Mito inateremka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, inatanuka katika tambarare, kisha maji yote yanatafuta njia moja ya kutokea, mlango mwembamba wa mwamba uitwao Ng'iriama. Kuanzia hapo mto Ruaha Mkuu unapita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unaingia bwawa la Mtera, na chini yake kuna bwawa la Kidatu. Kihandisi, Ihefu ni beseni lenye ukingo. Maji yakishuka chini ya ule mwamba hayatoki tena, hata kama ndani yamebaki mengi. Yanabaki pale kunywewa na jua.

Mwaka 1993 mto ulikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka. Viboko walibanana katika vidimbwi na samaki wakafa. Hilo ni kweli, na hatuandiki hapa kulikanusha. Lakini miaka hiyo ya tisini, na tena mwaka 2006, nchi iliingia katika mgawo wa umeme, na mambo mawili yakafungwa pamoja kama kuni: mto umekauka, bwawa limekauka, basi wa kulaumiwa ni yule aliye juu, mkulima wa mpunga na mfugaji.

Hapa ndipo mhandisi anapotakiwa kusimama. Mtera hujazwa na maji ya masika, na haitegemei Ihefu peke yake, kwani Ruaha Mdogo na Kisigo nayo humwaga humo. Maji ya kiangazi ambayo wakulima wa Usangu wanagombea ni kidogo mno kuweza kulijaza au kulikausha bwawa la ukubwa ule. Yana uzito kwa viboko wa hifadhi, ndiyo, na uzito mkubwa. Kwa taa za Dar es Salaam ni hadithi nyingine. Watafiti waliopiga hesabu za mabwawa hayo walionyesha kwamba namna yenyewe ya kuyaendesha ilichangia upungufu. Hesabu hizo zilichapishwa, lakini hazikusikika kama kelele za mgawo zilivyosikika.

Amri ilitoka mwaka 2006. Kufikia 2007 wafugaji wengi walikuwa wameondolewa Usangu na mifugo yao, wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, na malalamiko yalizidi hata ikaundwa tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 mpaka wa hifadhi ulisogezwa ukaimeza Ihefu, na Ruaha ikapita kilomita za mraba 20,000. Wengine kati ya wale waliohama waliingia bonde la Kilombero, ambalo nalo ni oevu na limo katika orodha ya Ramsar tangu 2002. Mwishoni mwa 2012 operesheni nyingine ikawafuata huko.

Na mto? Uliendelea kukatika.

Mtu atasema: lakini watu walihesabiwa, hali zao zilitathminiwa. Sawa, tuangalie tathmini hizo zinavyofanywa. Anakuja kijana na dodoso, kwa kawaida kiangazi, kwa sababu masika gari halifiki. Anamuuliza baba mwenye nyumba kazi yake. Mkulima. Ekari ngapi, ng'ombe wangapi, gunia ngapi. Anaandika, anaaga. Sasa kaya hiyohiyo masika ilikuwa kwenye majaruba ya mpunga. Mafuriko yalipoanza kurudi nyuma ilikuwa inavua. Yalipozidi kurudi, mama alipanda mboga kwenye unyevu uliobaki, na baadaye yakakatwa matete na majani ya kuezekea. Maisha ya kinamasi yanafuata maji yanapopanda na kushuka, na dodoso la siku moja ni picha moja ya mtu anayetembea. Lile jibu la neno moja ndilo linaloingia kwenye kompyuta, na fidia ikija inafuata kompyuta. Mboga za mama hazimo. Mfugaji anayefika Agosti kufuata nyasi mbichi na kuondoka mvua zikianza hayumo kabisa, na katika ripoti anatajwa kwa jina moja tu, mvamizi.

Kwa nini tunaliita hili suala la maadili na si la takwimu mbovu? Kwa sababu aliyetunga maswali alikwisha kuamua nini kina thamani. Kumuuliza mtu "una nini, tujue tukulipe ngapi" ni tofauti na kumuuliza "mto huu unakatika, wewe unaonaje, na uko tayari kuacha nini ikiwa na wengine wataacha?" Swali la kwanza linamfanya mtu awe hasara ya mradi. La pili linamfanya awe mwenzako katika tatizo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na anayejua maji yanakwenda wapi mwezi wa Oktoba ni yule anayeamka usiku kuyafuata kwenye mfereji.

Kilimo cha mifereji pale Usangu kina historia ambayo baadhi yetu hapa Omani tunapaswa kuifurahia. Miongoni mwa walioanzisha mashamba ya mpunga ya kumwagilia huko, miaka ya thelathini na arobaini, ni Wabulushi waliohamia sehemu za Rujewa. Wasangu wakayachukua, na wengine wengi wakaja baada yao. Mabanio ya zamani yalikuwa ya miti, majani na udongo. Yalivuja, na yale yaliyovuja yaliendelea na safari kwenda kwa wa chini. Kisha ikaja miradi ya kuyaboresha kwa zege na milango ya chuma. Banio zuri halivuji! Kiangazi, mwenye banio la zege anaweza kuuchukua mto karibu wote. Juu ya hayo wakulima wakatozwa ada kwa haki ya maji iliyoandikwa kwa kiasi kilekile, mto ujae au upungue. Nia ilikuwa watu wabane matumizi. Matokeo ni kwamba aliyelipa alisema, na huwezi kumlaumu, "haya ni yangu, nimeyalipia."

Kuna jaribio moja lililotupendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Uingereza walitengeneza ubao mkubwa ulioinama, mfano wa bonde la mto. Gololi ndizo maji, vijiti ndiyo mabanio. Wanakijiji wa juu na wa chini waliitwa pamoja kucheza. Aliye juu alitega vijiti vyake, akajaza shamba lake, na aliye chini akabaki anaangalia ubao mtupu. Kisha mazungumzo yakaanza, watu wazima wameinamia gololi, na yakaishia kwenye zamu. Hakuna aliyewafundisha neno zamu. Walikuwa nalo.

Nasi tunaoishi huku tunalijua. Ukienda Nizwa utaona falaji ya Daris, mojawapo ya falaji tano zilizoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa muda, sehemu ya kiasi cha nusu saa, chini ya wakili anayejulikana na wenye zamu wote. Kunywa kwanza, msikiti, mashamba baadaye. Hatudai kwamba falaji inaweza kuhamishiwa Mbarali. Kuna watu wengi zaidi huko, kuna ng'ombe, kuna tembo. Tunachosema ni kwamba mtu aliyeitunga sheria ya maji huona haya kuivunja mbele ya jirani yake, na sheria iliyoshushwa kwa gari la serikali huvunjwa usiku bila haya yoyote.

Wako wenzetu watakaotujibu kwamba tembo na kiboko hawana mkutano wa kijiji, na kwamba tukiwaachia wanavijiji kila kitu, mto utakwisha. Hoja hii ina nguvu. Huenda katika miaka mibaya baadhi ya watu wangelazimika kupunguza mashamba, na mifugo kuondoka kwa muda, hata baada ya mazungumzo ya haki kabisa. Lakini tuseme ukweli kuhusu nani anafaidika. Sisi wenyewe tunaagiza mchele wa Mbeya kwa kila anayekuja likizo. Tukirudi nyumbani tunalalamika umeme ukikatika, na tunawapeleka watoto Ruaha kuona tembo. Tunakunywa mto huo mara tatu na hatujawahi kuandikiwa bili. Aliyeandikiwa ni mmoja tu, na ndiye mwenye kidogo kuliko wote.

Hoja ya umeme, kwa bahati, imepungua uzito. Mtera ina megawati 80 na Kidatu 204. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limejengwa kwa megawati 2,115. Lakini msukumo wa kuondoa vijiji uliendelea, safari hii kwa jina la utalii na hifadhi. Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha mradi wa dola milioni 150 kwa ajili ya mbuga za kusini, Ruaha ikiwemo. Mwaka 2023 malalamiko ya wanavijiji yalifika katika jopo la ukaguzi la benki hiyo. Aprili 2024 fedha zikasimamishwa, na Novemba mradi ukafutwa. Yaani mtu wa Mbarali alisikilizwa Washington kabla ya kusikilizwa mkoani kwake.

Mradi mwingine utakuja, na utakuwa na sura ya ushirikishwaji. Wale waliopelekwa Lindi mwaka 2007 wana watoto ambao sasa ni watu wazima, na vijana wa madodoso watakapofika kwao, huenda wakawaandika wahamiaji.