Uzito wa Nyuma

Kwa miezi minne nilimtumia binadamu kama jiwe. Naanza na sentensi hiyo kwa sababu kila nilipojaribu kuanza na kitu kingine, habari ya miparachichi au ukungu wa asubuhi hapa Njombe, niligundua kwamba natafuta mahali pa kujificha.

Trekta nililinunua likiwa limeshatumika, mojawapo ya yale madogo ya Kijapani yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam. Nguvu farasi 28, rangi imepauka, lakini injini inaitika ukigusa ufunguo mara moja. Mbele lina kijiko, na hicho kijiko ndicho kilichonitolesha akiba ya kustaafu. Nina ng'ombe sita wa maziwa na ekari nne za miparachichi kwenye mteremko. Mtu mwenye mgongo wa miaka 62 hahitaji kuelezwa raha ya mashine inayochota samadi.

Aliyeniuzia hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba kijiko kina deni. Kila unachoinua mbele kinakopa uzito kutoka nyuma. Fikiria bembea ya ubao wanayochezea watoto: magurudumu ya mbele ndiyo kigogo cha katikati, kijiko ni mtoto wa upande huu, na magurudumu ya nyuma ni mtoto wa upande wa pili. Kwa trekta langu, ambalo kutoka ekseli hadi ekseli ni mita moja na nusu, nikiinua kilo 250 za samadi mbichi mita moja mbele ya ekseli ya mbele, nyuma inapungua karibu kilo 170. Na breki zake ziko nyuma. Nyuma ikinyanyuka, unakanyaga breki za magurudumu yanayoning'inia hewani.

Kuna jambo lingine ambalo nililielewa kwa kuchelewa. Ekseli ya mbele imeshikwa katikati kwa pini moja, icheze juu na chini kufuata mabonde ya ardhi. Kwa hiyo trekta halisimami kama meza ya miguu minne. Linasimama kwa mafiga matatu: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini. Uzito ukihamia mbele, chungu chote kinaegemea figa moja, na hapo hata shimo dogo la fuko linatosha kulilaza trekta ubavu.

Siku ya kwanza nyuma ilipochezacheza nilifanya wanavyofanya wengi. Niliwaita vijana wawili wanaonisaidia shambani, nikawaambia wapande nyuma, wasimame juu ya ile mikono miwili ya kufungia plau, washike kiti changu. Trekta likatulia. Tukacheka. Kuanzia siku hiyo ikawa kazi yao: nikienda kwenye lundo la samadi, wanapanda. Niliwaongezea shilingi elfu mbili kwa siku, nikajiona mwajiri mwema.

Mwezi Machi, ardhi ikiwa imelewa maji, niliinua kijiko juu kuliko kawaida ili nimwage kwenye tela. Gurudumu la mbele upande wa kushoto likazama kidogo. Nilihisi kiti kinanisukuma mbele, kama mtu anayeinuliwa na mwenzake kutoka mkekani. Kijana mmoja aliruka. Alipotoka yeye, nyuma ikapanda zaidi, na wa pili akateleza, akaangukia kati ya mkono na tairi. Nilifanya linalotakiwa, nikashusha kijiko haraka. Lakini kijiko kikishuka mbele, nyuma nayo inashuka, na yeye alikuwa chini. Tairi lilitua kiganja kimoja kutoka kwenye goti lake.

Hakuumia, ila kiwiko kilichubuka. Alisimama, akajipangusa matope, akasema, "Samahani mzee, niliteleza." Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Usiku ule nilijitetea mbele ya nafsi yangu kwa hoja zote nilizo nazo. Hoja ya kwanza: walikubali. Ni kweli, sikuwalazimisha. Lakini kijana anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi anaposema "sawa mzee" kwa mtu wa umri wa baba yake, ile "sawa" ina heshima ndani yake, ina shida ndani yake, na ina mazoea. Ridhaa iliyomo ni kidogo kuliko nilivyotaka kuamini.

Hoja ya pili: sote tunatumiana. Mimi namtumia dereva wa bodaboda, naye anaitumia nauli yangu. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, hakukataza hilo. Alichokataza ni kumtendea mtu kama chombo tu. Kazi yote katika wazo lake inafanywa na hilo neno dogo "tu". Swali langu likawa hili: vijana wale waliposimama nyuma yangu, nilihitaji nini kutoka kwao kisichokuwa kilo? Ninapomtuma mmoja wao akamue, nahitaji mikono yake, jicho lake, upole wake kwa ng'ombe. Nyuma ya trekta nilihitaji kilo 60, basi. Gunia la mchanga lingefaa zaidi.

Na kweli lingefaa zaidi. Hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote. Jiwe, trekta likitaka kupinduka, linabaki pale lilipo. Mtu ana hofu, na hofu yake ni ya haki, kwa hiyo anaruka. Dakika ile ile unapouhitaji uzito wake ndiyo dakika anayokumbuka kuwa yeye ni mtu. Ili mtu awe uzito unaotegemewa, lazima umfundishe asiogope, asiruke, asijiokoe. Kabla hujamfungia nyuma ya mashine, unatakiwa kwanza umwondolee kile kinachomfanya asiwe jiwe. Nadhani ubaya wenyewe unakaa hapo, na ungekuwepo hata kama hakuna ambaye angeteleza.

Asubuhi nilianza kutafuta uzito usio na roho. Unaweza kujaza maji matairi ya nyuma, hadi robo tatu. Ni rahisi, na uzito unakaa chini kabisa. Unaweza kufunga vyuma kwenye rimu. Njia hizo mbili huituliza nyuma, lakini uzito wake unakaa kwenye ekseli yenyewe, hivyo haupunguzi mzigo unaoielemea ekseli ya mbele. Unaweza kubeba kifaa kizito nyuma, kama rotaveta, kwa wazo kwamba uzito nao ufanye kazi. Wazo hilo nililipenda kwa ubahili, lakini kifaa kirefu kinagonga miti unapogeuka.

Nilichochagua ni pipa. Nilichukua pipa la lita 200, nikalijaza zege hadi robo tatu, nondo na bomba la kupitishia pini vikiwa ndani. Lita 150 za zege ni kama kilo 360, na saruji niliyotumia ni mfuko mmoja. Linaning'inia karibu sentimita 90 nyuma ya ekseli, na kwa sababu liko nyuma ya ekseli linafanya mambo mawili: linaongeza uzito nyuma, na kwa nguvu ya mwenzo linapunguza zaidi ya kilo 200 kwenye ekseli ya mbele. Nikitembea nalo nalibeba chini, na kijiko nacho chini. Mfuko mmoja wa saruji. Hiyo ndiyo gharama niliyokuwa naikwepa kwa miezi minne.

Vijana ndio waliolikoroga zege lile pamoja nami. Tulipomaliza, yule aliyeanguka alilitazama pipa, akauliza kwa adabu, "Sasa mzee, ile elfu mbili?"

Sikuwa nimeifikiria. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Kwangu mimi nilikuwa nimemrudishia utu wake, na kwake nilikuwa nimempunguzia kipato. Kama kila anayemwondoa mtu kwenye kazi ya hatari anamwacha mikono mitupu, basi pipa ni njia tu ya mwenye mali kulala vizuri. Ile elfu mbili niliiacha iendelee, na tukakubaliana mmoja ajifunze kuendesha. Sijui kama hilo linafuta kitu.

Lakini pipa lilinifungulia jambo la zamani zaidi. Nina dada mkubwa. Mama alipougua, mimi nikiwa darasa la saba, dada alikuwa ameshaacha shule. Alibaki nyumbani akimuuguza mama na kulima viazi, na viazi hivyo vililipa ada yangu ya sekondari. Mimi nikainuliwa, nikasoma, nikaajiriwa mjini. Kwenye kila sherehe ya ukoo nimesimama nikamwita "nguzo yetu", watu wakapiga vigelegele. Nguzo haiulizwi kama imechoka. Sifa ile ilikuwa kamba nzuri ya kumfungia palepale, nami niliifunga kila mwaka kwa furaha.

Wiki mbili baada ya pipa nilimpigia simu. "Shikamoo dada." "Marahaba." Nikamuuliza kama siku ile mimi napelekwa bwenini, kuna aliyemuuliza yeye anataka nini.

Alinyamaza kidogo. "Aniulize nani? Baba alikuwa ameshakufa, mama yuko kitandani, wewe ulikuwa unalia unataka viatu." Akacheka. Halafu akasema, polepole, kwamba alitaka kuwa nesi. Nina miaka 62, na hilo nililisikia kwa mara ya kwanza.

Siwezi kumshusha nyuma ya trekta lililoshafika. Miaka ile imekwenda. Lakini shamba hili la miparachichi, ambalo zamani lilikuwa la viazi, limeandikwa jina langu peke yangu, kwa sababu wakati wa kuandikishana mimi ndiye niliyekuwa na kazi na yeye ndiye aliyekuwa na jembe. Nilimwambia nataka jina lake liingie. Akaniuliza wanangu watasemaje. Nikamwambia sijawauliza. Akasema, "Waulize kwanza. Usiwafanyie na wao yale yale."

Jumamosi wanakuja wote nyumbani. Ajenda ni moja.