Asili ni Mali ya Nani?

Wahenga walinena: Mwacha asili ni mtumwa. Neno hili ni kweli, wala hapana mwenye akili atakayemlaumu mtu kwa kuwakumbuka babu zake. Lakini yatupasa kuuliza: je, atunzaye asili anayo haki ya kumfungia mlango mwenzake aliyezaliwa nayo pia?

Tutazame mfano wa Marekani. Mwaka 1890, mjini Washington, wanawake waliunda chama kiitwacho Daughters of the American Revolution, maana yake Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani. Mwanamke atakaye kuingia hana budi awe na umri wa miaka 18 au zaidi, tena athibitishe kwa hati, kizazi kwa kizazi, ya kuwa ni mzao wa mtu aliyesaidia kupigania uhuru wa nchi ile. Wanachama hukutana katika matawi ya mahali wakaapo, hutunza makaburi ya askari wa kale na kuhifadhi kumbukumbu. Kazi hizo ni njema, nasi twazisifu.

Walakini fahari ya damu hugeuka upesi ikawa kiburi. Mwaka 1939 chama kilimnyima Marian Anderson, mwimbaji hodari, ukumbi wake kwa sababu alikuwa Mweusi. Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akajitoa katika chama. Na siku ya Pasaka mwimbaji yule akaimba penye ukumbusho wa Lincoln mbele ya watu wapata 75,000.

Labda mtu atasema: Ukumbi ulikuwa mali yao, na mgeni hana haki. Basi na tumtazame asiyekuwa mgeni. Bibi Lena Santos Ferguson, Mmarekani Mweusi wa Washington, alikuwa na hati za kuonyesha ya kuwa ni mzao wa Jonah Gay wa Maine, mmoja wa waliosaidia harakati za uhuru. Hati zilitosha, mioyo ya wenyeji haikutosha. Tawi la mjini halikumpokea, mpaka habari zilipotangazwa gazetini mwaka 1984, ndipo yakafanyika mapatano. Na kumbe tangu mwaka 1977 tawi moja la Michigan lilikwisha mpokea Karen Batchelor Farmer, Mweusi kama yeye! Sharti lilikuwa moja, matawi mawili. Tofauti ilikuwa katika mioyo.

Mwaka 2008 chama chenyewe kilitoa kitabu chenye majina zaidi ya 6,600 ya Weusi na Wahindi Wekundu waliosaidia vita vile. Twasifu kazi hiyo pia. Lakini yatufundisha jambo zito: marehemu hao walikuwapo siku zote. Aliyemfungia mjukuu mlango alimfungia na babu, yule yule aliyedai kumheshimu.

Nasi tujihoji. Tuwasimuliapo watoto habari za ukoo, je, twamtaja na bibi aliyeletwa mateka, na ndugu aliyezaliwa nje ya nyumba? Au twawaruka, ili ukoo upendeze? Wazee hawakutuachia kiti cha kukalia, bali deni la kulipa. Aliye mrithi wao kweli hutambulikana kwa namna anavyompokea ndugu asimamaye mlangoni.